Gitaa Kavu Chini ya Paa la Mawe: Mwongozo wa Kujifunza Gitaa la Kiklasiki na Kujiandaa Kupiga Katika Kumbi Zinazovuma

Mtu anayejifunza gitaa la kiklasiki nyumbani, katika chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, hujifunza kuianzisha noti tu, kwa sababu kazi ya kuimaliza inafanywa na chumba. Vitambaa hivyo vyote hunywa sauti, na kila noti hukatika mapema bila mpigaji kujishughulisha. Siku anapoalikwa kupiga kanisani, juu ya sakafu ya mawe na chini ya paa refu lisilo na dari laini, anakuta kwamba noti alizozipiga hazikubali kuondoka, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kuziondoa.

Mimi nililijua jambo hili kwa aibu. Nilikuwa na miaka mitatu ya mazoezi nilipoombwa kupiga katika ibada ya ndoa, ndani ya kanisa kubwa la mawe, nami nikachagua kipande chenye mbio nyingi ili waalikwa wajue kwamba miaka ile haikupotea bure. Binamu yangu, aliyekaa benchi la nyuma kabisa, alirekodi kwa simu. Niliposikiliza usiku ule sikuweza kutambua sehemu ya kwanza iliishia wapi na ya pili ilianzia wapi. Besi zilikuwa zimelaliana hadi zikawa uji, na mbio zangu zote zilisikika kama mtu anayetikisa kapu la vijiko. Kwa hiyo mwongozo huu unayapanga mafunzo tangu mwezi wa kwanza kwa kuutazama ukumbi utakaopigia baadaye.

Kabla ya hatua zenyewe, inafaa kutofautisha maneno mawili. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imejitenga, kama mtu anayeita bondeni na mlima ukamwitikia. Mvumo ni marejeo mengi mno yanayofuatana kwa karibu kiasi kwamba sikio haliwezi kuyatenganisha, likasikia tu sauti ikikawia hewani na kufifia polepole. Ukiingia katika kanisa la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 chini ya Edward Steere, askofu yule yule aliyekuwa mtaalamu wa Kiswahili, tazama juu: paa lake ni tao refu lililojengwa kwa chokaa, saruji na mawe ya matumbawe. Paa la namna hiyo haliinywi sauti, bali huirudisha chini ilikotoka, ikapanda na kushuka tena na tena.

Hatua ya kwanza: Chombo

Gitaa la kiklasiki lina nyuzi sita, tatu nyembamba za nailoni na tatu nene zilizozungushiwa waya mwembamba, na urefu wa kawaida wa uzi kutoka kichwani hadi darajani, yaani kipande kinachozishika nyuzi juu ya ubao, ni milimita 650. Mwenye mikono midogo atafute la milimita 630 au pungufu. Ukilichukua gitaa dukani, pima nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vilivyopita shingoni mwa gitaa): milimita 4 hivi kwa uzi wa sita na 3 kwa uzi wa kwanza ni kipimo cha kawaida, na ikizidi sana hapo mkono wa kushoto utachoka kabla hujajifunza lolote.

Usilifunge nyuzi za chuma. Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini nimeyaona magitaa mengi yakiharibika hivyo, likiwemo langu la kwanza, ambalo fundi mmoja alilifunga nyuzi za chuma kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Chuma huvuta kwa nguvu kubwa kuliko nailoni, na gitaa hili halikuundwa kuihimili. Baada ya miezi michache daraja lilianza kubanduka na uso wa ubao ukavimba. Kwa wakaaji wa pwani kuna adui wa pili, nao ni unyevu. Mbao za gitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kiasi ambacho Dar es Salaam na Mombasa huwa nadra kukipata, kwa hiyo gitaa likae ndani ya kasha lake, mbali na ukuta wa nje, na kamwe lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto hulegeza gundi.

Hatua ya pili: Mkono wa kulia

Wapigaji wa Katanga, huko Kongo, waliosambaza upigaji wa gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, katika Afrika Mashariki walipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada peke yake. Mwenda wa Bayeke, yaani Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, alivitumia vidole hivyo viwili kwa namna ambayo wengi walidhani wanasikia magitaa mawili. Gitaa la kiklasiki huongeza kidole cha kati na cha pete, na katika maandishi ya muziki vidole hivi vinne huandikwa kwa herufi za Kihispania p, i, m na a. Ikiwa umeanzia kwenye gitaa kavu la mtaani, usijione umepotea njia. Dole gumba lako tayari lina nguvu na lina mwendo wake, jambo ambalo wanafunzi wengine hulihangaikia mwaka mzima.

Kuna namna mbili za kuugusa uzi. Katika tirando kidole huuvuta uzi na kupita hewani kuelekea kiganjani, na katika apoyando kidole huuvuta uzi na kutua juu ya uzi unaofuata. Jifunze zote mbili katika wiki zile zile, kwa sababu apoyando utaihitaji baadaye kwa kazi nyingine kabisa, nayo ni kuzima. Kwa mazoezi ya mkono wa kulia, mkusanyo wa Mauro Giuliani wa mazoezi 120 bado ni hazina: mkono wa kushoto unashika kodi mbili tu (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), Do kubwa na Sol yenye saba, na akili yote inabaki kwa mkono wa kulia. Baada ya hapo masomo 25 ya Matteo Carcassi, opus ya 60, yatamfikisha mwanafunzi mwenye bidii mahali pazuri.

Kucha zihesabiwe kuwa sehemu ya chombo. Ziache zizidi nyama ya kidole kwa milimita moja au mbili, uzichonge kwa tupa ya kucha zifuate umbo la ncha ya kidole, kisha uzisugue kwa msasa laini sana hadi ukizipitisha kwenye kitambaa cha hariri zisikwaruze. Ukucha wenye mkwaruzo hutoa mlio wa kukereza kabla ya noti yenyewe, na katika ukumbi unaovuma mlio huo nao hukawia hewani.

Hatua ya tatu: Kuzima noti

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe.

Chukua gitaa sasa hivi, piga uzi wa sita ukiwa wazi, kisha piga uzi wa tano ukiwa wazi, halafu sikiliza. Uzi wa sita bado unalia chini ya ule wa tano. Chumbani kwako jambo hilo halikuudhi, pengine hata hukuwahi kuliona, lakini kanisani Mi ile nzito itaendelea kuwapo wakati kodi yako imekwisha kuhamia La, kisha Re, na baada ya vipimo vitatu vya muziki utakuwa na besi tatu zinazogombana. Dawa yake ni hii: mara tu baada ya dole gumba kuupiga uzi wa tano, lirudishe nyuma liuguse uzi wa sita kwa ubavu wake wenye nyama, kwa wepesi kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Usiubonyeze uzi, uguse tu hadi unyamaze. Mwanzoni utasikia mlio mdogo wa kugonga, ambao ni dalili kwamba umegusa kwa ukucha au kwa pupa.

Kinyume chake ni rahisi. Ukipiga uzi wa tano kisha wa sita kwa apoyando, dole gumba hutua lenyewe juu ya uzi wa tano na kuuzima papo hapo. Hii ndiyo sababu besi zinazoshuka husikika safi hata kwa mwanafunzi mchanga, na zinazopanda huchafuka hata kwa mzoefu. Kwa hiyo gawa muda wa mazoezi ipasavyo: dakika tano kila siku kwa besi zinazopanda, polepole, ukihesabu kwa sauti ni pigo gani noti inaanza na ni pigo gani inakufa.

Noti zilizobonyezwa kwa mkono wa kushoto zina njia nyepesi zaidi, kwani inatosha kulegeza kidole bila kukiondoa kabisa juu ya uzi. Ukikiondoa ghafla, uzi wazi utalia na umebadilisha tatizo moja kwa lingine. Usisahau pia kwamba nyuzi huamshana: ukipiga Mi katika freti ya pili ya uzi wa nne, uzi wa sita, ambao hukuugusa, utaanza kunong'ona wenyewe, kwa kuwa noti hiyo imo ndani ya sauti zake za juu. Zima noti uliyoipiga, halafu sikiliza kilichobaki. Nilipoanza kufanya hivyo niligundua kwamba gitaa langu halikuwahi kunyamaza hata mara moja kwa miaka mitatu.

Chumba cha kulala hakikuambii ukweli kuhusu maendeleo yako katika zoezi hili. Hamia bafuni penye vigae, au kwenye ngazi za jengo la ghorofa, au katika darasa tupu baada ya wanafunzi kuondoka. Asiye na pa kwenda anaweza kujirekodi kwa simu na kuongeza mvumo kwenye programu ya bure kama Audacity, kisha asikilize. Si sawa na kanisa, lakini makosa yataonekana yale yale.

Hatua ya nne: Upime ukumbi

Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kutafuta sababu ya maneno kutosikika vizuri katika ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg. Usiku, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa karibu, wakaipanga, wakapima kwa filimbi ya kinanda na saa jinsi sauti inavyofifia, kisha wakairudisha kabla ya asubuhi. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo: zidisha ujazo wa ukumbi, kwa mita za ujazo, kwa 0.161, kisha gawa kwa jumla ya unyonyaji wake, yaani kiasi cha sauti kinachonywewa na kuta, vitu na watu, na utapata sekunde za mvumo, yaani muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60. Kipimo cha unyonyaji alichokichagua Sabine kinapendeza: mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi.

Tuchukue kanisa lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 12 na kimo cha mita 10. Ujazo wake ni mita 3,600 za ujazo. Likiwa tupu, tuseme unyonyaji wake wote ni mita za mraba 145. Mvumo utakuwa sekunde 4. Waingie watu 200, kila mmoja na nguo zake akinyonya takribani nusu mita ya mraba, na unyonyaji unafika 245, mvumo ukashuka hadi sekunde 2.4 hivi. Maana yake kwa mpigaji ni kubwa: ukumbi uliofanyia mazoezi Jumamosi asubuhi, ukiwa peke yako na mfagizi, sio ukumbi utakaopigia Jumapili. Usikate tamaa kwa ulichokisikia Jumamosi, wala usibadilishe kila kitu kwa sababu yake.

Huhitaji vifaa. Nenda na simu, iweke katikati ya mabenchi ikirekodi, simama pale utakapokaa, kisha pasua puto au piga kofi moja kavu na ukae kimya. Hesabu sekunde hadi sikio lisisikie tena. Rudia ukiwa umefungua madirisha na milango, uone tofauti. Kisha cheza noti moja ya besi na noti moja nyembamba, na utasikia kwamba katika jengo la mawe ile ya besi hukawia zaidi, kwa kuwa mawe mazito hayatikisiki kuinyonya, na noti nyembamba hupungua kwa sababu ya hewa na nguo za watu.

Ukiwa hapo, sikiliza pia ukuta wa nyuma. Sauti husafiri mita 349 hivi kwa sekunde katika joto la nyuzi 30, kwa hiyo katika kanisa letu la mita 30 itakwenda na kurudi kwa sekunde 0.17. Ukipiga noti nne kwa kila pigo kwenye mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, kila noti huchukua sekunde 0.167. Yaani marejeo ya noti yako yanakukuta ukiipiga inayofuata, karibu sawia, na hapo mpigaji asiyejua huanza kuyasubiri au kuyakimbiza.

Hatua ya tano: Vipande na mwendo

Chagua muziki ambao kodi moja hukaa kwa muda kabla ya kubadilika. Vipande vya kodi zilizovunjwa, ambamo noti za kodi ile ile hufuatana, hupendeza sana kwenye mvumo, kwani hata zikichanganyika zinapatana. Masomo mengi ya polepole ya Fernando Sor ni ya namna hii. Vinavyoumia ni vile vyenye mbio za ngazi, yaani noti jirani zinazofuatana kupanda au kushuka, kwa sababu noti mbili jirani zikisikika pamoja zinakwaruzana, na vile vyenye kodi nzito zinazobadilika kila pigo. Kama ningepata nafasi ya kuirudia ile harusi, ningepiga kipande rahisi mara tatu kuliko kile, na bibi harusi asingejua tofauti.

Punguza mwendo, lakini kwa kipimo. Mimi huanza kwa kupunguza asilimia 10, narekodi kutoka benchi la katikati, na kama bado sisikii mabadiliko ya kodi napunguza tena kidogo. Ukishusha mwendo kupita kiasi wimbo unavunjika vipande na mvumo hauwezi kuuunganisha. Mahali pa kuongeza muda hasa ni penye mapumziko na mwisho wa sentensi za muziki. Hapo upe ukumbi nafasi ya kusema maneno yake kabla hujaendelea. Pumziko la nusu sekunde lililoandikwa kwenye karatasi linaweza kuhitaji sekunde nzima.

Sogeza pia mkono wa kulia sentimita mbili au tatu kuelekea daraja, uache ile nafasi ya juu ya tundu la sauti ambayo nyumbani ilikupa utamu. Mwanzo wa noti utakuwa mkali kidogo, na ukumbi utaulainisha wenyewe.

Hatua ya sita: Siku za mwisho na siku yenyewe

Nyuzi mpya za nailoni huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo zifunge angalau wiki moja kabla. Fika mapema ili gitaa lizoee hewa ya ukumbi, na ulituni ndani ya ukumbi wenyewe, uzi mmoja mmoja, ukizima uzi uliotangulia, maana mvumo wa uzi wa jana, kama wanavyotania wapigaji, utakudanganya.

Kiti kiwekwe karibu na watu kadiri inavyoruhusiwa. Katika kanisa letu la mfano, umbali wa mita mbili hivi kutoka kwenye gitaa ndipo mvumo unapokuwa na nguvu sawa na sauti inayotoka moja kwa moja kwenye chombo. Aliyekaa mbali zaidi anausikiliza ukumbi zaidi ya anavyokusikiliza wewe. Huwezi kuwaweka watu wote ndani ya mita mbili, lakini kukaa altareni mita 12 kutoka benchi la kwanza ni kujinyima bila sababu. Ukiweza, ondoa zulia chini ya kiti. Sakafu ngumu hurudisha sauti mapema mno, ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde, na sikio huyapokea marejeo hayo kama sehemu ya noti yenyewe, likaisikia kwa uwazi zaidi.

Kuhusu spika, wasaidizi wa mitambo watataka kukusaidia kwa nia njema. Spika kubwa zilizotundikwa juu ya nguzo huujaza ukumbi mvumo mwingine. Kama ni lazima, omba spika moja ndogo karibu na kiti chako, ikielekezwa kwa watu, kwa sauti ya chini kiasi kwamba msikilizaji asijue ipo. Omba mapangaboi yazimwe wakati wa kipande chako. Uangalie na mbingu: chini ya paa la bati, mvua ikianza hakuna gitaa litakalosikika, na ni heshima kusubiri au kuahirisha kuliko kushindana nayo.

Ukishakaa, usianze mara moja. Sikiliza ukumbi ukiwa na watu, vikohozi vyao na viti vyao, kwa kuwa huo ndio ukumbi ambao hukuwahi kuupima. Wakati wa kupiga, ufuate mkono wako na hesabu yako ya ndani, wala usiyafuate yale yanayorudi kutoka nyuma.

Noti ya mwisho nayo ina kazi yake. Zima nyuzi zote zisizo za kodi ile, acha kodi yenyewe ilie, na mikono ibaki pale ilipo hadi sauti iishe hewani, jambo ambalo linaweza kuchukua sekunde tatu ndefu sana. Kwa sababu hiyo, kabla ya ibada au onyesho kuanza, mtafute mshereheshaji, msalimie, mwulize habari za nyumbani, kisha umwombe kwa upole kwamba asikiguse kipaza sauti mpaka akuone umeinua kichwa.